Pilipili ya Goti

Meneja mpya alipoingia kwenye ghala letu la vitambaa, kitu cha kwanza kumkera kilikuwa kiti changu cha getini. Si paa linalovuja, si choo kisicho na mlango. Kiti. "Mlinzi anayekaa ni mlinzi anayelala," akasema, na kiti kikapelekwa stoo. Maneno hayo aliyatamka akiwa amekaa.

Magoti yangu yote mawili yamekwisha. Daktari alinionyesha picha: gegedu limelika, mfupa unasaga mfupa. Vidonge alivyonipa vikaniunguza tumbo, akasema basi acha, punguza kusimama. Nilipomfikishia meneja habari hizo, akanijibu kwamba nje ya geti wako wengi wenye magoti mazima. Wakubwa ndivyo walivyo. Mke wangu walimpandisha ngazi za hospitali akiwa hoi, kwa kuwa lifti ilikuwa inamsubiri mgeni wa heshima. Hakushuka tena. Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau.

Shemeji, mdogo wake marehemu, ndiye aliyenihurumia. Kwanza alininywesha manjano na tangawizi mpaka nikawa natoka jasho la rangi ya mchuzi. Nafuu ilikuwa ya kukisia tu. Ndipo akaja na kopo: pilipili kichaa iliyolowekwa kwenye mafuta, ikachujwa, ikagandishwa kwa nta.

"Shemeji, unataka kunikaanga?"

"Ukikaangika vizuri labda tutapata wa kukuchukua. Paka kila siku. Mwanzo utanitukana, baadaye goti litachoka kulia. Haiponyi, kwa hiyo usije ukacheza mpira. Ukishapaka, itoe mikononi kwa mafuta ya kula, kisha sabuni. Usiguse jicho. Usiguse na kule."

"Kule wapi?"

"Mzee mzima na wajukuu wako, unaniuliza kule wapi!"

Siku ya kwanza niligusa kule. Majirani walidhani nimerudi kwaya.

Lakini majuma yalivyopita, maumivu yakapungua makali. Asubuhi nilisimama kama mtu. Mchana miguu ilitetemeka vilevile, maana pilipili hunyamazisha goti, haikupi goti jipya. Nilijua siku nitakayoanguka getini ndiyo siku ya kufukuzwa.

Basi ikaja siku ya wenye mali kutembelea ghala. Nilikuwa kibandani nimekunja suruali, napaka, honi ikalia. Mafuta ya kunawia sikuwa nayo. Nikajifuta kwenye suruali, nikakimbilia geti, kama huko ni kukimbia.

Meneja, ambaye hajawahi kunisalimu hata kwa kidevu, akaona kamera ya mpigapicha wa wageni. Akaukamata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kama anachota maji kisimani. Jua lilikuwa kali. Akajifuta uso kwa kiganja.

Hotuba ikaanza. "Hapa kwetu mfanyakazi ni mboni ya jicho..." Jicho likajibu. Machozi yakatiririka, kamasi nazo zikafuata. Alivyozidi kujifuta ndivyo alivyozidi kulia. Wapakiaji wakatazamana: huyu kafiwa?

Mama mwenye mali, bibi wa fimbo asiyependa maneno mengi, akamsogelea. "Mwanangu, unalia nini?"

Meneja wetu ni mwongo wa kipaji, hilo simnyimi. "Nawaonea uchungu walinzi, mama. Yule mzee pale magoti mabovu, anasimama kutwa."

"Na kwa nini anasimama?"

Meneja akajifuta uso tena.

"Kiti kiko stoo, mama!" mpakiaji mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Kimevunjikia chini ya majora!"

"Basi leteni cha ofisini kwake," mama akasema, akamwelekezea meneja fimbo.

Kikaja. Cha magurudumu, kina mikono, kinazunguka. Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashia nini. Hawakumjua meneja wetu.

Kesho yake akaja getini peke yake, macho mekundu, mikono mfukoni. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

"Mzee, jana mkononi ulikuwa na nini?"

Kudanganya ni kazi yake, si yangu. "Pilipili. Napaka magotini."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Sauti ikashuka. "Inasaidia?"

"Kidogo. Haiponyi."

"Langu la kulia..." Akaegemea nguzo ya geti. "Zile ngazi za ofisini zinaniua. Na sasa sina hata kiti, mpaka mama akubali kununua kingine."

Nilimtazama. Nilitaka kumwonea huruma, nikatafuta ndani nilipoiweka, sikuiona mara moja.

"Shemeji anapita hapa na kopo jipya," nikamwambia. "Msubiri."

Akatupa macho huku na huku kutafuta pa kukalia. Kiti kilikuwa kimoja. Nikakizungusha taratibu, nikaegemea, nikanyoosha miguu.

Akasubiri amesimama.