Mkanda wa Pili

...hapana, si yeye, sauti za wasichana wa kaskazini hufanana kwenye mkanda, ndivyo ninavyojiambia huku rekoda ikizunguka juu ya meza ya Kapteni Kamis, lakini kikohozi kile kidogo ni cha Aloyo, mwanafunzi wangu, miaka miwili alikohoa hivyo darasani kabla ya kila swali, na sasa anasema kwa koo lililokauka kwamba yeye ni Santina, Mualuri, kwao Mahagi, ng'ambo ya mpaka, Kongo, amekuja kuuza nguo soko la Owino, basi... "Sikia muzuri, mwalimu," anasema kapteni, "huyu ni Mualuri kweli, ama ni Muacholi? Wewe ndiyo najua hizi lugha yao," ananisogezea chupa ya soda, kwa adabu, kama wiki tatu zilizopita, alipoleta mkanda wa kwanza, sauti ya mwanamume, na mimi Salme binti Abubakar, mtoto wa Mengo niliyelelewa kwa Kiswahili cha bibi na Kiganda cha majirani, niliona fahari, Mungu nisamehe, kwamba jeshi limekuja kuuliza isimu, nikafumba macho, nikasikiliza irabu, irabu tu, kama vile hazikutoka kinywani mwa mtu, nikasema ni Muacholi, afande, wa Patongo au karibu na hapo, akacheka, akasema umejua mpaka kijiji, nami nilijua wanakusanya Waacholi na Walango, watu wa rais aliyepinduliwa, kila mtu Kampala alijua, nilijua na bado nikasema, na juzi nilipouliza yule mtu yuko wapi alijibu, "Yule tulimaliza," kama anayezungumzia chakula... mkanda unaendelea, wanamwambia aseme kitu kwa lugha ya kwao na anaomba maji, Aloyo, kwa nini maji, sema lolote jingine, neno limetoka limevutwa vile wanavyolivuta kwao Gulu, Uacholini, mimi mwenyewe nilimfundisha kuandika mvuto huo kwa alama... alikuwa akiandika hadithi za anga kwenye daftari za mazoezi, chombo kinatua ziwani upande wa Ggaba, majenerali wanataka kupiga mizinga, na mwanaisimu, mama mwembamba mwenye miwani, anaingia majini hadi magotini, anawasikiliza wageni siku saba, anapata neno moja, na kwa neno hilo vita havipiganwi, nikamuuliza kwa nini shujaa asiwe rubani, au daktari, akasema, "Kwa sababu yeye anasikiliza kwanza, mwalimu," nikacheka, nikamsahihishia tahajia, miwani ile ilikuwa yangu na nilijifanya sikuiona... wale wageni wake hawakuwa na orodha, binti yangu, hawakumwita mwanaisimu awaonyeshe nani wa kuua... "Mwalimu," anasema kapteni, "mimi nangoja," hajakasirika, anarudisha mkanda nyuma, kikohozi, Santina, Mahagi, maji, na mimi natafuta neno lile moja la kumfanya mtu huyu ainuke akamfungulie Aloyo mlango, nimesoma lugha kumi na moja na silipati, halipo, anaelewa kila ninachosema, Kiswahili chetu ni kimoja, hakuna cha kutafsiri kati yetu... basi nitasema ni Mualuri, wa Mahagi kabisa, afande, sikia anavyovuta neno la maji, hivyo ndivyo wanavyosema kule, nitasema kwa sauti ileile ya fahari ili asishtuke, uongo wangu wa kwanza katika taaluma hii, na akimleta Mualuri wa kweli kuhakikisha basi tutakuwa wawili kwenye mkanda wa tatu, sawa, iwe hivyo, nimevua miwani nifute jasho, nafungua kinywa, na hapo ndipo ninapoona kwamba sikuuliza, wala sithubutu kuuliza, mkanda huu ulirekodiwa lini, leo asubuhi au wiki iliyopita, kama msichana anayeomba maji bado anayahitaji... rekoda inazunguka, kapteni ameegemeza kidevu mkononi, anangoja, nitasema Mahagi hata hivyo, nitasema...