Gololi Iliyorudi Nyuma

Mimi sikuwa mwalimu mpole, wanafunzi wangu wa darasa la sita wangekuambia. Lakini mwaka ule wa 1988 kulikuwa na somo moja lililonisahaulisha fimbo. Niliwaambia watengeneze njia za gololi, au bano kama walivyoziita wao, ukutani kwa vipande vya mabati vilivyobaki paa lilipoezekwa, vikonyo vya majani ya papai vilivyopasuliwa katikati, na misumari ya kuokota. Kundi ambalo gololi yake ingechelewa zaidi kufika mwisho bila kusimama ndilo lingeshinda. Nilitaka waone kwa macho yao jinsi mteremko mdogo ulivyo kazi ngumu.

Darasa lenyewe lilikuwa jipya, la harambee, limejengwa juu ya udongo mweusi wa Kano, ule unaovimba kwa maji na kupasuka kwa jua, kando ya mfereji wa mpunga, ndani ndani huko nyuma ya Ahero. Kundi lililoongozwa na mwanafunzi aitwaye Adero lilipigilia njia yake kuanzia kona ya upande wa mfereji kuelekea mlangoni. Waliipunguzia mteremko mpaka gololi ikawa inatembea kama bibi harusi. Darasa zima tulihesabu kwa sauti, tukafika thelathini na nne. Siku ile niliipenda kazi yangu kweli kweli.

Jumatatu iliyofuata, gololi ileile ilitembea shibiri mbili, ikasimama, ikarudi ilikotoka.

"Laban ameguza, Madam!" wakapiga kelele. Laban alikuwa wa kundi lililoshindwa. Sikuuliza mara mbili, nikamchapa viganja. Adero akairekebisha misumari, gololi ikatembea vizuri, na Alhamisi ikarudi nyuma tena. Laban alikuwa na siku mbili nyumbani, anaugua malaria.

Adero alichukua chupa ya soda. Aliijaza maji, akaacha hewa kidogo, akaiziba na kuilaza dirishani. Kiputo cha hewa, ambacho siku zote hupanda juu, kikakimbilia upande wa mlango.

"Madam, bano iko sawa," akasema. "Ni ukuta ndio inaenda chini."

Nikabandua chati iliyokuwa kwenye ile kona ya upande wa mfereji. Nyuma yake kulikuwa na ufa uliopanda kutoka sakafuni, na kidole changu kikazama chote.

Nilimwendea mwalimu mkuu, Bwana Absalom, mtu mzuri tu ambaye hakupenda makuu.

"Dorca, Ijumaa ijayo D.O. wa tarafa anakuja kufungua hiyo darasa," akaniambia. "Unataka nimwambie ati bano imesema nyumba inaanguka?"

"Njoo uone mwenyewe."

Alikuja. Aliutazama ule ufa kwa muda mrefu, na najua aliuelewa. Jioni fundi akaja na karai la saruji, akauziba, akapaka chokaa juu yake.

Mimi nikawatoa watoto, tukawa tunasomea uwanjani. Siku ya pili wazazi wakaja. Mama Apiyo, aliyekuwa kwenye kamati ya ujenzi, alisimama mbele yangu, darasa langu likitazama.

"Mwalimu, hiyo mawe nimebeba na kichwa. Na nilikuwa na mimba. Leo unasema ni mbaya?"

Mawe yake hayakuwa na kosa lolote; udongo uliokuwa chini yake ndio uliokuwa ukididimia.

Jumatano mvua ikashuka, vitabu vikalowa. Bwana Absalom akaja na mwavuli, wazazi wawili nyuma yake.

"Dorca, ingiza watoto. Ama niandike barua ya kwamba umekataa kazi."

Madarasa mengine yalikuwa yamejaa. Watoto walikuwa wakitetemeka, maji yakiwachuruzika usoni. Ningeweza kukataa. Nimejiambia hivyo kila mwaka tangu siku ile. Nikawaingiza.

Niliamuru madawati yote yasogezwe mbali na ile kona. Yalibanana mpaka yakagusa ubao, na bado madawati matatu yakakosa nafasi. Watoto tisa. Nikasimama na rejista mkononi nikitafuta majina tisa ya kukalisha chini ya ukuta ule, nikajikuta naanza na wale ambao wazazi wao wasingethubutu kuja kuniuliza. Nilijichukia, nikaifunga rejista.

"Madam," Adero akauliza, "imetengenezwa?"

Bwana Absalom alikuwa bado mlangoni, anakung'uta mwavuli.

"Ndiyo," nikasema.

Adero akakusanya vitabu vyake, akaenda kukaa kwenye kona. Wenzake wanane wakamfuata bila kuambiwa, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mambo ya ule ukuta.