Nani Aliyemeza

"Papai la tatu hilo, Baba Rhoda. Usilitazame kama mkwe. Kula."

Zipora, mpishi wa wachimbaji, aliweka sinia sakafuni. Ndaki, aliyekalia mfuko wa saruji uliokwisha kuganda, alilitazama papai lenye ukubwa wa kichwa cha ndama, kisha akalitazama tumbo lake. Tangu jana asubuhi lilikuwa limepokea mapapai mawili ya aina hiyo, sufuria ya mlenda, na uji wa ulezi ambao ungetosha kunywesha mbuzi wa Maganzo nzima. Lilikuwa limekaza kama ngoma. Na lilikuwa kimya.

Alikuwa amefungiwa katika stoo ya pampu. Kuta nne za tofali, bati juu, dirisha moja lenye nondo, ndoo yenye mfuniko pembeni. Mlango ulikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa na mlinzi, Sostenes.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Kwa miaka ishirini na sita Ndaki alikuwa mtu wa chekeche. Wengine walichimba mchanga, wengine waliubeba, yeye aliuosha na kuusoma. Watu walisema angeweza kuchekecha usingizini na bado akamkosoa aliye macho. Kijiwe kikimtia shaka, alikitia mdomoni, akakitoa tope kwa ulimi, akakitema kiganjani na kukitazama juani. Kila mtu wa chekeche hufanya hivyo. Ila Jumanne kijiwe hakikutemwa. Kilikuwa kimevaa tope, kona moja tu inang'aa, nacho kikashuka. Thobias, mwenye duara, shimo lao la almasi, alikuwa amegeuka kupokea simu. Aliporudi akakuta koo la mzee linapanda na kushuka.

"Umemeza nini?"

"Kimeteleza, bosi."

"Kimeteleza kwenda wapi?"

Hapo mbele ya wachimbaji wote Thobias alitoa hukumu. Kitoke kwanza. Kikiwa kokoto, Ndaki ni mzee aliyepaliwa, arudi kazini. Kikiwa almasi, ni mwizi, na hakuna duara hata moja Maganzo litakalomwachia chekeche tena maishani. Ndaki hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na vidole kumi na macho mawili, na vyote vilijua kazi hiyo moja.

Kila asubuhi Thobias, ambaye alikuwa na umri wa mwanawe, alikuja dirishani kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kimetoka?"

"Bado."

"Haya. Ule vizuri."

Na akaenda zake, adabu yake ikimfuata nyuma kama mbwa.

Sasa Sostenes naye akaingia, maana jua la nje lilikuwa kali kuliko joto la ndani. Akaketi kwenye kigoda mlangoni. Zipora akamsogezea kipande cha papai bila kumwangalia. Hawa wawili walikuwa na ugomvi wa miaka kumi na mitano. Zamani waliwahi kufanya kazi katika nyumba moja ya Wahindi mjini Shinyanga, Sostenes getini, Zipora jikoni. Bwana wa nyumba ile alikuwa akikaa kila alfajiri kwenye mkeka, mgongo wima, akiifuata pumzi yake. Mkewe hakuwa na habari na pumzi. Yeye alikuwa na swali moja tu, alilojiuliza akikaanga, akifua, akisuka nywele: mimi ni nani? Bwana na bibi waliishi kwa amani. Ni mlinzi na mpishi, walioiga kila mmoja kwa upande wake, waliogombana mpaka leo.

"Tatizo lako unasukuma," Sostenes alimwambia mfungwa wake. "Kitu hakisukumwi. Kaa. Nyoosha mgongo. Pumzi inaingia, jua inaingia. Inatoka, jua inatoka. Wazo likija usiligombeze, wala usilikaribishe chai. Litapita."

"Na kijiwe?"

"Nacho kitapita."

Zipora alicheka mpaka akashika kiuno. "Miaka kumi na mitano unafuga pumzi, Sostenes, na juzi tu umepoteza ufunguo ukapiga kelele mbuzi wakakata kamba. Utulivu gani huo? Unaweka maji kwenye mtungi tu. Ukiutikisa, tope lile lile." Akamgeukia Ndaki. "Mimi sikuambii utulie. Nakuuliza. Nani aliyemeza?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Ndaki."

"Ndaki ni jina, ulipewa na bibi yako. Jina halimezi."

"Basi koo."

"Koo ni nyama, hata ng'ombe analo. Nani?"

"Mayu, mama yangu, mimi nataka kutoka humu. Sitaki mtihani."

"Yule mama wa Shinyanga alisema, anayemjua huyo ametoka tayari, hata kama amefungwa."

"Basi aje yeye akae humu, mimi nikamjue huko nje."

Hata Sostenes akacheka. Lakini walipoondoka na kufuli kulia, Ndaki alibaki na bati lililokuwa likipasuka pasuka kwa joto, na nzi, na yeye mwenyewe. Kati ya hao watatu, nzi peke yake ndiye aliyejua pa kutokea.

Akajaribu pumzi, kwa kukosa kazi. Mwanzoni kichwa kilikuwa mnada wa ng'ombe: mwanangu Rhoda atasikia nini kwa majirani zake, nani kashika chekeche langu, mbona goti linauma. Akaviacha vipite. Vikapita, vikazunguka nyuma ya nyumba, vikarudi kupitia mlango ule ule. Jioni hivi, pasipo yeye kujua lini, kelele ilishuka. Akasikia pumzi kama mtu asikiavyo maji yakiingia kwenye shimo.

Kesho yake aliwaambia walimu wake, na ilikuwa mara ya kwanza tangu afungwe kuzungumza kama fundi.

"Nyie mnagombania kazi moja. Chekeche lina sehemu mbili. Kwanza unalitikisa ndani ya maji, hutafuti kitu, mkono tu. Chepesi kinakwenda ukingoni, kizito kinakaa katikati chenyewe. Hiyo ni ya Sostenes. Halafu unaligeuza juu ya gunia, unainama, unashika kijiwe kimoja kimoja: wewe siye, wewe siye. Hiyo ya mayu. Ukichagua kabla hujatikisa, utachagua mpaka uzeeke. Ukitikisa usichague, umeosha mchanga tu."

Wale wawili wakatazamana kama watu waliovuliwa kofia.

"Kwa hiyo umeshatikisa," Zipora alisema polepole.

"Nimetikisa."

"Basi inama."

Akainama, mchana ule ule, baada ya wao kutoka. Nani aliyemeza? Jina siye. Koo siye. Mazoea? Aliyashika mazoea, akayageuza kwenye mwanga. Kwa miaka ishirini na sita mazoea yalitema. Siyo. Bahati mbaya? Hiyo ndiyo aliyokuwa amempa Thobias, akampa Zipora, akajipa mwenyewe usiku wa kwanza na kulala nayo. Nayo ilikuwa nyepesi. Ilielea hadi ukingoni.

Kilichobaki katikati kilikuwa Jumanne. Tope ulimini, chumvi yake. Ile kona inayong'aa aliyoiona kabla ya kukitia mdomoni. Mgongo wa Thobias ukigeuka, shati la bluu limelowa jasho. Na baada ya mgongo kugeuka na kabla ya koo kufunguka, palikuwa na nafasi, nyembamba kama unyusi. Hakuwahi kuiona kwa sababu hakuwahi kukaa kimya kiasi hicho. Ndani ya nafasi ile palisimama mtu. Akatazama ule mgongo. Akapima. Akaridhika, ndipo akameza.

Ndaki akafumbua macho. Akasimama, akaenda dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili, mara yake ya kwanza kufanya hivyo. Nje watu walikuwa wakipita na ndoo. Akarudi kukaa. Akasimama tena. Kuta zilikuwa pale pale, hatua nne kwa tano, lakini mtu yule alikuwa karibu zaidi ya ukuta wowote.

Na hapo, bila haya wala kubisha hodi, tumbo likaamka.

Thobias alifika na jagi la maji na kundi zima la duara nyuma yake. Sostenes aliosha, kwa kuwa ndiye pekee aliyesema kila kitu hupita. Kijiwe kikawekwa kwenye kiganja cha Thobias: kidogo, cheupe, kona moja inang'aa. Thobias akakipulizia hewa ya moto kutoka kooni. Almasi haikai na pumzi. Ukungu hufutika kabla hujafumba mdomo.

Ukungu ukakaa.

Thobias akakifuta kwa shati, akapuliza tena. Ukakaa. Ukakaa mpaka mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha wote, kicheko cha watu waliokuwa na hofu.

"Kokoto! Siku tatu mzee anatunziwa kokoto!"

"Na papai kwa gharama ya bosi!"

Thobias alikuwa mwekundu wa macho. Akapiga goti moja. "Nisamehe, mzee wangu. Nasema mbele ya wote: Ndaki si mwizi, na asiwepo wa kumwita hivyo. Chekeche lako lipo. Hakuna aliyeligusa."

Wakampigia makofi. Ndaki alifungua mdomo kumtaja yule mtu wa Jumanne. Ukabaki wazi kidogo, ukafungwa. Thobias alikwisha geuka, na watu wakatoka wakisukumana, wakauacha mlango wazi kabisa.

Zipora alibaki. Alikuwa amemtazama usoni muda wote huo, yeye na si kijiwe.

"Umempata," alisema.

"Nimempata, mayu."

"Na aliyempata, huyo ni nani?"



"Mwache apumue," Sostenes alisema kutoka mlangoni, kufuli likiwa mkononi mwake, halina kazi.

Huko kwenye duara pampu ilikohoa, ikakubali. Maji yakaanza kwenda. "Mtu wa chekeche!" waliita. "Mzee! Twende!" Jua la saa tisa lilikuwa limeingia mlangoni, likitambaa juu ya sakafu ya vumbi mpaka kwenye vidole vya miguu ya Ndaki. Akalitazama kwa muda. Kisha akavuta miguu yake ndani, kivulini.