Piko ya Aidarus

Rumana alimgusa panya unyayoni kwa uzi wa nailoni, na panya akaendelea kusafisha masharubu. Akachukua uzi mnene zaidi. Wapi! Yule wa kizimba cha pili, ambaye hakupakwa kitu, alirusha mguu kwa uzi mwembamba kama unywele. Huyu aliyepakwa piko alikaa juu ya wavu, mguu kama si wake.

Alimweleza mkuu wa maabara yao ya Mbezi Beach, Dokta Projestus, ambaye hata kichwa hakuinua.

"Wana vidonda?"

"Hawana, dokta, lakini hawahisi. Wote waliopakwa."

"Wamekuzoea tu. Panya akishikwashikwa anakuwa mpole. Mteja aliuliza habari ya ngozi, mwambie ngozi iko salama."

Upole! Hata maiti ni mpole. Rumana alitoka mle ndani damu inamchemka. Piko ile, rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, ilikuwa ya mteja huyo, Aidarus, mwenye duka la vipodozi kule Boko, aliyeitia dawa ya kukaushia ili bibi harusi asishinde mikono hewani. Wiki ijayo chupa zingesambazwa kwa wapambaji mpaka Kibamba. Tazim, mdogo wake Rumana, alikuwa mpambaji, naye alishapewa chupa za kujaribia. Juzi alibeba sufuria ya biriani kutoka jikoni kwa mikono mitupu, akaitua mezani, akauliza nini kinanuka kuungua. Ilikuwa ngozi yake.

Basi Rumana akatia nyuzi mkobani, akaenda Boko.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, panya wangu wamefaulu?"

Duka lilijaa wanawake, na Aidarus alikuwa kwenye mchezo wake wa kila siku. Mteja akisitasita tu, yeye huchovya vidole kwenye piko mpaka kwenye fundo, akavionyesha. "Mie mwenyewe nachovyaga kila siku! Ingekuwa sumu ningejipaka?" Wanawake walicheka, na mama mmoja akachukua chupa.

Rumana alitamani kuziangusha zile chupa zote sakafuni. Mtu anauza ganzi huku anatabasamu! Lakini aliviangalia vile vidole vyeusi, akafungua mkoba.

"Ami, fumba macho. Nikikugusa kidole, sema."

"Haya, tuone mambo ya wasomi." Aidarus akalaza mkono kwenye kaunta, kiganja juu, akafumba macho huku anacheka.

Rumana akamgusa kidole gumba. Akamgusa cha shahada. Wanawake wakasogea. Akatoa uzi mnene kuliko wote, ule pekee ambao panya wa piko walikuwa wakiushtukia kidogo, akaukandamiza mpaka ukapinda. Mama mmoja akaziba mdomo.

"Mbona huanzi, binti? Nina wateja."

Mama aliyekuwa na chupa aliirudisha kwenye kaunta taratibu, akajifuta vidole kwenye khanga. Hasira ya Rumana ilikuwa palepale, ila sasa hakujua aielekeze wapi, kwa sababu mzee wa watu alikuwa bado anatabasamu.

"Fumbua macho, ami."

Aidarus akafumbua. Akauona uzi umepinda juu ya kidole chake, na tabasamu likamfutika.

"Gusa basi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nagusa, ami."