Jina Nililolitaja Asubuhi

...na mkono wa Onesmus, mfanyakazi mwenzangu, bado uko kwenye dirisha la karavani, kiganja wazi, unangoja simu yangu, "Leta basi, Sellah, baba amenituma nipande pale juu nimpigie mtu wa gari la maji, huku chini network mafi, hakuna kabisa, nikifika juu message zako zote zitaenda zenyewe," na mimi namwambia ngoja, ngoja kidogo Onesmus, kama mtu anayetafuta kitu, na hakuna ninachotafuta, simu iko hapa kwenye goti langu la kushoto, na kwenye la kulia amelala Dana, mtoto wa baba na madam ninaowafanyia kazi, kichwa kizito, mdomo wazi, ameshika gauni langu kwa ngumi kana kwamba nitatoroka, nitatorokea wapi, mbele mchanga na nyuma mchanga, birika liko motoni na bado halijaanza hata kunong'ona, na simu inasema saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, na kule nyumbani Rongo pia ni saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, Mungu alituachia angalau hilo, saa yangu na saa ya binti yangu ni ile ile, saa kumi kengele italia, Lorine atatoka mbio, kutoka shuleni hadi kwa dada yangu Roselyne ni kuvuka barabara tu, Roselyne atampa simu, shika, mama yako amekutumia sauti, leo umefika miaka tisa, na Lorine ataiweka sikioni kwa mikono miwili, na atanisikia nikimwita Dana.

Sikujua, haki ya Mungu sikujua, nimejua sasa hivi, dakika tano zilizopita, nilipofungua ile sauti nijisikilize, nifurahi kidogo, siku ya kuzaliwa ya mtoto wangu na mimi nina haki ya kufurahi, nikasikia mwanamke mwenye sauti yangu anasema "Happy birthday Dana wangu, kipenzi cha mama, leo umekuwa mkubwa, mama anakupenda mpaka basi, njoo nikushike," nikairudisha, nikairudisha tena, labda masikio, lakini ni Dana, Dana kabisa, wala si mara moja, ni mara mbili, na tiki ziko mbili, maana yake imefika, iko kwenye simu ya Roselyne tangu asubuhi, imekaa tu inamngoja mtoto... Ilikuwa pale kituo cha mafuta, baba anajaza tangi, Onesmus anakagua ile minyororo inayoshika karavani, hii nyumba ya magurudumu, nyuma ya gari, madam anasema haraka, ukipita hapa hakuna network mpaka kesho, na Dana yuko mapajani analilia kiatu, huku nampapasa huku nabonyeza kurekodi, nikaongea, nikaachia, ikaenda, na nikajisikia mama mzuri, hilo ndilo linaniuma, nilifunga mkanda nikajisikia mama mzuri, kilomita mia mbili nzima. "Sellah, umelala?" Sijalala, Onesmus, ngoja, tafadhali, na yeye anacheka, ni Mkamba mpole huyu, anadhani nina mwanaume ninayemwandikia, "Mwambie ujumbe nitampelekea mimi mwenyewe," cheka tu ndugu yangu.

Nibonyeze futa, nimpe simu, akifika juu ule ujumbe utafutika kule Rongo, rahisi hivyo, kidole kimoja, sasa mbona sibonyezi... kwa sababu pale ulipokuwa kutabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na Lorine anajua kusoma, anasoma vizuri sana, mwalimu alisema, atamuuliza Roselyne, mama alifuta nini, na Roselyne hawezi kudanganya, na huenda ameshausikiliza, huenda asubuhi ile ile aliuweka sikioni akinywa chai, akaiweka simu kando, akasema mimi simo... Mtoto apewe kipi kwenye birthday yake, jina la mtoto mwingine au sauti iliyofutwa, nichagulieni, mtu anichagulie. Likizo iliyopita nilipokwenda nyumbani alijificha nyuma ya Roselyne, akamwambia, mama, yule wa simu amekuja. Mama ni Roselyne. Mimi wa simu. Nilicheka mbele za watu kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka wakanibishia mlango, na kabla sijarudi huku nilimwahidi, nilichuchumaa nikamshika mabega, mwaka mmoja tu, Lorine, nikamaliza mwaka nikasema mwingine, na juzi pale nyumbani Al-Sulimaniyah, tukipakia mablanketi na majiko kwa ajili ya hii kashta, wao wanaita kashta, watu wenye nyumba ya vyumba tisa kwenda kulala jangwani kwa raha zao, baba akaniambia tukifika Jeddah kwa mama yake kule Al-Hamra atatuma karatasi zangu za ikama, kile kibali cha kukaa na kufanya kazi huku, miaka miwili tena, na mimi nikasema sawa baba, sawa, haraka hivyo, kama mtu aliyeulizwa kama chai inatosha.

Nje wanapiga kelele za furaha, wako kwenye kilima cha mchanga, Fahad, kaka yake Dana, anateleza na sinia langu la kukandia unga, madam anacheka, sijawahi kumsikia akicheka hivyo kule mjini, kule yuko na simu mchana kutwa, huku jangwani anakuwa mama, kwa siku nne anakuwa mama, hata jana alitaka kumlaza Dana mwenyewe, akamkumbatia kwenye kile kitanda chembamba, Dana akalia mpaka akakohoa, Sellah, abgha Sellah, namtaka Sellah, na madam akanipa mtoto bila kunitazama usoni, na mimi, Mungu nisamehe, nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo. Nililala na yule mtoto kifuani, karavani imeinama upande mmoja kwa sababu baba hakutaka kuwekewa vibao chini ya magurudumu gizani, tukawa tunateleza wote wawili kuelekea ukutani, na nikafurahi, na sikumkumbuka Lorine hata kidogo, mkesha wa siku yake, hata kidogo... Nilimpokea huyu akiwa na siku arobaini. Jino la kwanza nililiona mimi. Jino la kwanza la Lorine kung'oka niliambiwa, Roselyne aliniandikia, jino limetoka, na alama ya meno ya kucheka, na mimi nilikuwa naosha chupa za Dana nikasema nitajibu baadaye. Na huyu pia si wangu, nisijidanganye, Fahad alilelewa na Peris, Mkenya kama mimi, miaka minne, mpaka leo Fahad akihesabu mawe anahesabu moja, mbili, tatu, nikamuuliza nani alikufundisha, akasema hakuna mtu, naijua tu. Hakuna mtu. Peris alimbeba miaka minne.

"Onesmus! Yalla!" baba huyo, kutoka nyuma ya gari, "Yes baba, naenda, dakika moja," na kwangu kwa sauti ya chini, "Sellah, dada yangu, utaniletea maneno, unatoa au hutoi?" Natoa, natoa, acha nirekodi moja fupi tu, nimtumie ya pili, hiyo ndiyo dawa, aisikie ya pili aisahau ya kwanza, nitasema mama alikuwa amechoka, nitasema jina lake mara kumi, nijaribu kwanza kimya kimya nisimwamshe huyu... Lorine, hujambo, happy birthday, usome kwa bidii, umsikilize aunty, viatu vilikutosha... hapana. Hapana, hiyo ni barua kwa mwalimu mkuu. Tena. Lorine wangu, mama yako anakutakia... anakutakia, nani anamtakia mtoto wake, redio ndiyo inatakia watu. Na sasa zinanirudia zile zote nilizowahi kumtumia, miaka mitano ya sauti, zote hivyo, umekula, umesoma, umeosha sare, kavu, kavu kabisa, na ile ya asubuhi ndiyo pekee yenye asali, njoo nikushike, sijawahi kumwambia Lorine njoo nikushike, nitamshika na nini. Lorine, kipenzi cha mama... na tazama, mkono wangu umeanza wenyewe kupapasa nywele za Dana, hizi nywele laini zenye mchanga, na hapo hapo sauti imelainika, imetoka kama ya asubuhi, Lorine, kipenzi cha mama, tamu, tayari, nikiutoa mkono inakauka, nikiurudisha inarudi... kumbe haiko kooni. Kumbe ilikuwa mkononi siku zote, inataka kichwa cha kushika, na nywele za Lorine sijui siku hizi zikoje, amesukwa au Roselyne amezinyoa kwa ajili ya shule, sijui, sijui hata nianzie wapi kuuliza.

Basi jina si kitu. Jina ningelifuta. Hata nikipatia jina, hata nikilisema mara mia, huo upole ni wa huyu aliyelala hapa, wa Lorine nitakuwa nimeuazima, na nisingefuta, angesikia angalau mara moja jinsi mama yake anavyoweza kuongea na mtoto, lakini ana miaka tisa, hatasikia upole, atasikia jina, ataisikiliza mpaka mwisho na atamrudishia Roselyne simu yake. Saa kumi kasoro dakika saba. Birika limeanza kunong'ona, bado kuchemka. "Sellah?" Nakusikia, Onesmus, mkono wako nauona, uko dirishani, na wangu uko hapa kichwani kwa Dana, na sijui nitautoaje.