Vidole Viwili vya Hewa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila mtaa mzima ulimwita Kasuku, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mama huyu hakujua kukoroga sabuni bila kupiga soga. Soga ikikolea, mkono nao unashika kasi, mwiko unarukaruka juu ya pipa, na kila ukizama unashuka na hewa yake. Basi sabuni inajaa viputo mpaka inakuwa nyeupe kama uji. Yeye na wifi yake, dada wa mumewe, waliujua ugonjwa huo na dawa yake pia: sabuni ilale siku mbili pipani, viputo vipate kupanda juu na kupasuka vyenyewe, ndipo ijazwe kwenye chupa.

Jumanne asubuhi msimamizi wa usafi wa nyumba ya wageni aliingia karakana yao akiwa amekumbatia chupa tatu. Alizipanga mezani bila hata kukaa.

"Mlinijazia hadi shingoni," alisema. "Haya, tazameni. Vidole viwili vimekwenda wapi? Na hazijafunguliwa hizi, na sabuni yenyewe ina ukungu."

Kasuku alipandwa na mori. Kuitwa mmbeya alishazoea, tena alicheka. Kuitwa mwizi hakuzoea.

"Mama, sabuni yangu inalala siku mbili kabla ya kuona chupa! Haipungui ng'o. Kamuulize anayeshika ufunguo wa stoo yako."

Msimamizi alikusanya chupa zake. "Alhamisi nitakuja kuiona nyingine," alisema. "Nikikuta ukungu kama huu, tumemalizana."

Alipotoka tu, Kasuku alijifunga kanga kiunoni. "Wifi, leo mdomo kufuli. Jina langu limo ndani ya hili pipa."

Mwiko ukazama na ukabaki huko huko chini, ukizunguka polepole upande mmoja. Wifi yake alimimina maji ya chumvi ya kuifanya sabuni iwe nzito, uzi mwembamba ukiteleza ubavuni mwa pipa ili usichape. Kimya kilimwasha Kasuku mwili mzima. Nje alipita fundi cherehani aliyegombana na mkewe juzi, naye akamwacha apite hivi hivi bila neno. Ni mateso hayo.

"Wifi," mwenzake alianza.

"Shh!"

"Ni jambo dogo tu…"

"Dogo litaingiza kiputo kidogo. Nyamaza."

Mara ya tatu alimkata jicho, na wifi akaumeza ulimi wake. Hata walipofunika pipa kwa kitambaa safi, alibaki amesimama akichezea kifuniko cha chupa.

"Haya, tapika," Kasuku alisema. "Mimi mwenyewe nimebanwa."

"Zile chupa tatu hazikulala. Nilikuwa na miadi ya kupimwa gauni, nikazijaza jioni ile ile tuliyokoroga, povu bado limo. Nilidhani hakuna atakayejua."

Kasuku aliketi juu ya ndoo. Wifi akashauri wamfuate msimamizi, lakini Kasuku alikataa. Sabuni mpya itasema yenyewe, alijiambia, na yale mengine yatajifia. Siku mbili nzima alijiambia hivyo, na siku mbili nzima alikula bila hamu.

Alhamisi msimamizi aliinua chupa dirishani. Aliweka kidole nyuma yake, na mistari ya kidole ilionekana yote.

"Hii sasa ndiyo sabuni," alisema, uso ukimlainika. "Na uniwie radhi, dada. Nilikudhania vibaya. Yule mama wa stoo nimemsimamisha kazi tangu jana. Analia tu, hana maelezo."

Wifi akainamia mwiko wake. Kasuku aliitazama ile chupa. Jina lake lilikuwa limerudi, safi, tena na radhi juu yake. Angesema asante, yakaisha.

"Mrudishe," alisema. "Hakuiba. Tulikuuzia hewa sisi, na mimi nikamsingizia kwa mdomo wangu huu."

Msimamizi aliiweka chupa chini taratibu. "Mimi nitamrudisha. Lakini hayo utamwambia mwenyewe. Yuko kule stoo sasa hivi, amekuja kukabidhi funguo."

Kasuku alikwenda vile vile na kanga yake yenye madoa, wifi yake nyuma. Walimkuta mama mmoja wa makamo ameketi kwenye benchi nje ya stoo, mkoba mapajani. Kasuku alimweleza yote akiwa amesimama: viputo, gauni, ufunguo. Kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza chumvi hata punje. Alitarajia matusi, na alikuwa tayari kuyapokea.

Mama wa stoo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Mimi niliziona zikipungua," alisema. "Kila asubuhi nikifungua, ziko chini kuliko jana, na ufunguo ninao mimi. Jana nilimwambia binti yangu anipeleke kwa daktari. Nilidhani ninaiba na sikumbuki."