Rangi Nyeusi ya Rwenkende

Hakukuwa na harusi Mabira iliyopita bila mkono wa Kantengwa. Yeye na wifi yake Celestina ndio waliotengeneza imigongo, mapambo ya ubaoni, pale kijijini: wanakanda samadi ya ndama na majivu, wanaipandisha ubaoni kwa vidole mpaka isimame matuta matuta, ikikauka wanaisugua kwa jiwe na kuipaka rangi. Nyekundu na nyeupe ni udongo tu, mwenye jembe haikosi. Nyeusi ndiyo yenye maringo. Inachemshwa kwa matunda ya ntobo, kichaka cha miiba ambacho wakulima walikwisha kukingʼoa kila mahali, kikabaki ndani ya msitu wa Rwenkende peke yake.

Na Rwenkende sasa ulikuwa na siku za kuhesabu. Mwenyekiti wa kijiji, Evaristi, alikuwa ameupigia vigingi wote ugawanywe mashamba ya kahawa na migomba, na Alhamisi mkutano ungepiga kura. Watu walishangilia, ardhi ya bure nani aikatae? Mara mbili Kantengwa alisimama kuutetea msitu na chemchemi yake, na mara zote mbili akaambiwa kaa chini, mama, mbega hawalipi kodi. Alirudi nyumbani akilia kwa hasira. Rwenkende ndiko mama yake alikomfundisha kuchuma ntobo, na kila alipofikiria visiki, chakula kilimshinda.

Lakini Mungu si Athumani. Jumamosi ya wiki ileile Evaristi alikuwa akimwoza mwanawe Hagenimana, na kijijini pale bibi harusi haingizwi kwenye nyumba isiyo na ubao wa imigongo. Jumatatu mwenyekiti akaja kuuchukua.

"Shikamoo, mama. Ubao wetu umefikia wapi?"

"Marahaba, mwenyekiti. Huo hapo, umesimama ukutani."

Evaristi aliutazama. Nyekundu ilikuwepo, nyeupe ilikuwepo, na katikati palikuwa na samadi tupu.

"Na nyeusi?"

"Nyeusi iko Rwenkende, ndani ya vigingi vyako. Mimi na wifi yangu hatuchumi kwenye mashamba ya watu, tutaitwa wezi. Ukiitaka, kachume mwenyewe."

Celestina alijifanya anakohoa.

Evaristi naye si mtu wa kushindwa upesi. Alibeba ubao wake, akanunua dukani rangi ya mafuta, ile ya kupaka mageti, akaupaka. Jumatano asubuhi rangi ilikuwa imebambuka na ngozi ya samadi juu yake. Mkewe Placida aliushika ubao ule kama ashikwavyo mgonjwa, akauliza, "Mkwe wetu aingie nyumba inayobambuka?" Kabla jua halijapanda mwenyekiti alikuwa mlangoni kwa Kantengwa, kapu mkononi, macho chini.

Walikwenda msituni wote watatu, yeye, Kantengwa na Celestina. Kantengwa alikusudia kumcheka mpaka jioni, na alianza vizuri, maana miiba ilimchana mwenyekiti shati na mikono. Walipofika kwenye chemchemi Evaristi aliinama kunywa, akakuta kigingi chake kimesimama katikati ya maji.

"Baba alininywesha hapa," alisema. "Sikujua kama ndipo hapa."

Kantengwa akampokea kapu.

Alasiri Evaristi aliponda ntobo mwenyewe, akachuja, akachemsha. Weusi ulimpanda mpaka kwenye viwiko. Alisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu.

"Unatoka lini huu, mama?"

"Wiki mbili. Ukioga sana."

Alhamisi mwenyekiti alifika mkutanoni na koti zito kwenye jua kali, mikono mfukoni. Wanaotaka Rwenkende ubaki wakaambiwa wanyooshe mikono. Kantengwa akanyoosha, Celestina akanyoosha, na mfugaji Twinomujuni ambaye ngʼombe wake hunywa mto utokao pale. Basi.

Ndipo mezani mbele ukapanda mkono mmoja, koti likateremka, na mkono wenyewe ni mweusi tii mpaka kwenye kiwiko.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mwenyekiti, umegeuka mbega?" mtu akapiga kelele.

Evaristi hakuushusha. "Chekeni," alisema. "Mimi wangu namwoza Jumamosi, na ubao ninao. Nyie wenye watoto nyumbani, nyeusi mtaitoa wapi?"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akamtazama binti yake, akanyoosha mkono. Baba mmoja wa wavulana watano akanyoosha miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Ikawa mikono juu ya mikono, na Kantengwa akashindwa kuiona vizuri kwa machozi, akamwomba Celestina amtazamie.

"Wametosha, wifi," Celestina akamwambia. "Wametosha na kuzidi. Haya, futa uso, Jumamosi tuna harusi."